Maandishi Juu ya Mlango

Mafundi wenzake walimwita Brashi, na kwa miaka mingi hata yeye aligeuka upesi zaidi akiitwa hivyo kuliko akiitwa kwa jina alilopewa na wazazi. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba za kupanga. Kazi yake ilikuwa kuingia baada ya mpangaji mmoja kutoka na kabla ya mwingine kuhamia, katika zile siku tatu nne ambazo nyumba haina mwenyewe, na kufuta alama za waliotangulia: mafuta ya nywele pale kitanda kilipoegemea ukuta, weusi wa vidole kuzunguka swichi, tundu la msumari uliobeba picha ya harusi. Akimaliza, nyumba ilikuwa haimkumbuki mtu yeyote.

Alikuwa na tabia moja ambayo wenzake walimcheka nayo. Kila alipomaliza chumba alisogeza ngazi mlangoni, akapanda, akachomoa penseli nyuma ya sikio na kuandika kwenye ukingo wa juu wa mlango, pale pasipopakwa rangi wala kufutwa vumbi, kile alichokificha chini ya rangi yake. *Ufa, umezibwa kwa saruji. Waya wa zamani hapa, usipige msumari. Mbao imeliwa na mchwa, nimejaza.* Alifundishwa hivyo na fundi mzee aliyemlea kazini, mtu mkali, aliyekuwa akisema kwamba fundi atakayekuja nyuma yako ni ndugu yako, usimwachie mtego. Kuhusu mpangaji atakayekuja nyuma yako mzee hakusema neno, na Brashi hakuuliza.

Nyumbani kwao, baada ya kaka yao kufariki, walibaki wawili. Mama yao alipofariki, Brashi alikuwa na miaka sita na dada yake kumi na sita. Dada ndiye aliyemwogesha, aliyemkalisha jikoni na kumfundisha kuandika kwa kipande cha mkaa kwenye ukuta, akimpiga kofi la kichwa kila alipogeuza herufi. Kisha dada akaenda kufanya kazi za ndani ili mdogo wake asome. Mdogo wake hakusoma sana, lakini dada hakurudi tena. Katika nyumba ya mwisho alikaa miaka thelathini na moja. Mwanzo alilala kwenye ujia wa jikoni, baadaye stoo pamoja na meza ya kupigia pasi, na watoto wa bosi walipokua na kuihitaji stoo, akahamia sebuleni, kwenye kitanda cha kukunja ambacho kilipaswa kiwe kimekunjwa na kufichwa nyuma ya kabati kabla mtu yeyote hajaamka. Sasa alikuwa na miaka sitini na miwili, na hajawahi kulala katika chumba ambacho ufunguo wake uko mkononi mwake.

Bosi na familia yake wakahamia nje ya nchi. Walimwachia dada sanduku kubwa la nguo, saa ya ukutani na mwezi mmoja wa kujipanga. Walimwachia pia kifua kilichochoka kwa dawa za kusafishia vyoo na mvuke wa pasi. Daktari wa zahanati hakumpa maneno mengi. "Mama, wewe dawa yako kubwa ni mahali pakavu," alimwambia. "Hivi vidonge ni vya kukusindikiza tu."

Brashi alikuwa akiishi chumba kimoja, choo cha kushirikiana. Akaanza kutafuta nyumba ya vyumba viwili. Alimweleza dalali mmoja aliyekuwa akimpa kazi kwa miaka tisa, mtu wa viatu vinavyong'aa na simu mbili, na baada ya wiki kadhaa dalali akampigia.

"Fundi, nimekupatia. Ghorofa ya tatu, vyumba viwili, sebule, maji hayakatiki. Bei ya mtu wa nyumbani. Lakini usilale, ukipiga chafya tu mwenzako kashachukua."

Siku ya kwenda kuiona, Brashi alivaa shati lake la misibani, lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na suruali isiyo na doa hata moja la rangi. Dada alitangulia ngazini, akipumzika kila baada ya vidato vichache na kujifanya anatazama nje. Lilikuwa jengo refu la ngazi tatu tofauti, zote sawa, milango yote ya kahawia, kila sebule ikiwa na dirisha pale pale ambapo jirani naye analo. Majengo ya sura hiyo Brashi alishapaka mengi, hakuyatofautisha tena.

Chumba kikubwa kilikuwa cha kawaida. Chumba kidogo ndicho kilichomnyamazisha dada. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia na kutandaza mraba sakafuni, ukuta wa dirisha ulikuwa mweupe mtulivu, laini kama maziwa yaliyotoka kupoa. Dada alisimama katikati ya ule mraba wa jua, mkoba wake kifuani.

Brashi akaenda ukutani. Akapitisha kiganja, kutoka juu kuja chini, taratibu.

"Huyu aliyepaka hapa," alisema, "alifundishwa akafundishika. Angalia kona. Hakuna mstari wa brashi, hakuna chozi."

"Ukuta unausifia kama mchumba," dada alisema. "Hukuwahi kumsifia mkeo hivyo, ndiyo maana akaondoka."

Dalali akacheka, kicheko kirefu kidogo kuliko utani wenyewe, akamgonga Brashi begani. "Fundi anajua kazi. Fundi anajua."

Ana kanuni zake Brashi, na huwa hana choyo kuzigawa. Mtu yeyote akimwambia anataka kupanga, atamwambia: nusa ndani ya kabati, gusa chini ya dirisha, weka kiganja ukutani uhesabu mpaka ishirini uone kama kinapoa, na ukipata kiti, panda usome juu ya mlango, huenda kuna fundi amekuachia salamu. Siku hiyo hakufanya hata moja. Mkono wake ulinyanyuka kidogo kuelekea juu ya mlango, kwa mazoea, kama mkono wa mtu anayejikuna. Lakini hapakuwa na kiti, dalali alikuwa anatazama, dada alikuwa anatazama, na yeye alikuwa amekuja na shati lake jeupe. Kwa mara moja katika maisha yake alitaka kuingia kwenye nyumba kama watu wanaoishi ndani ya nyumba. Akaushusha mkono na kuomba mkataba.

Walihamia Jumamosi. Vitu vya dada vilijaa mkokoteni mmoja na nafasi ikabaki. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufunga mlango wa chumba kidogo kwa ufunguo, kuufungua, na kuufunga tena. Kisha akaufungia ufunguo kwenye ncha ya leso yake na kuuingiza kifuani.

Jioni Brashi alimpelekea chai. Akaukuta mlango umefungwa, akagonga.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Wako wengi."

"Brashi. Chai inapoa, dada."

"Ngoja kwanza," ilijibu sauti, na haikuwa na haraka yoyote. Brashi alisimama na kikombe mkononi, akasikia kitanda kikilia, akasikia nyayo zikienda dirishani na kurudi, akajua kwamba huko ndani hakuna kinachofanyika. Dada alikuwa anamsubirisha mtu. Kwa miaka arobaini na sita alikuwa ameitwa akakimbia. Sasa kuna mtu amesimama nje ya mlango wake mpaka yeye apende. "Haya, karibu," alisema hatimaye, na alipofungua, alikuwa anatabasamu kama mwizi.

Mchezo huo waliuendeleza wiki nne. Wiki ya tano mvua zikaanza.

Mwanzo ilikuwa harufu. Si mbaya, ni ile ya nguo iliyosahaulika ndani ya beseni. Brashi aliisikia akipita ujiani, akajiambia ni viatu vyake. Kisha kikaja kikohozi. Mlango ule ambao dada aliupenda sana ulikuwa sasa unamsaidia kuficha: alikohoa ndani ya mto, akatoka amepangusa macho, akasema amepaliwa na maji.

"Dada, unakohoa."

"Nani hakohoi mvua ikinyesha? Hata mbwa wanakohoa."

Siku ya tisa ya mvua, dada akiwa bafuni, mlango aliuacha wazi. Brashi akachungulia na kuona, chini ya dirisha, juu ya ule ukuta aliousifia, lengelenge la ukubwa wa sahani. Akaingia. Akaligusa kwa kidole gumba nalo likabonyea, likapasuka, na maji ya rangi ya chai yakateremka polepole mpaka sakafuni. Nyuma yake harufu ikafunguka kama mlango mwingine.

Alivuta kipande cha rangi. Kilitoka kirefu, kizito, kama ngozi ya kiatu. Hii haikuwa rangi ya maji peke yake. Kulikuwa na rangi ya mafuta chini yake, mara mbili, ya kuziba unyevu usionekane. Nyuma ya ngozi ile ukuta ulikuwa mweusi wa ukungu, kutoka dirishani mpaka chini. Alikitazama kile kipande kwa muda. Mafundi wengi hupaka mafuta mara moja, wapige rangi ya maji juu, waondoke. Kupaka mara mbili, na katikati kupiga msasa ili ya juu ishike, ni kazi ya mtu mwenye subira. Katika mji mzima aliwajua mafundi wawili wenye subira hiyo, na mmoja alikuwa ameshakufa.

Ngazi yake ilikuwa sebuleni, nyuma ya kochi. Akaileta, akaiweka mlangoni, akapanda. Akapuliza vumbi.

*Unyevu ukuta wa dirisha, juu hadi sakafuni. Bomba la maji ya mvua ndani ya ukuta linavuja, mwenye nyumba hataki pavunjwe. Mafuta mara mbili.* Chini yake tarehe, mwisho wa mvua zilizopita.

Alikumbuka sasa, ingawa si chumba chenyewe alichokumbuka. Alikumbuka bega lake la kulia lilivyouma. Fleti thelathini na sita kwa wiki nne, ngazi zote tatu, madirisha yakiwa yamefunikwa kwa magazeti ili vioo visichafuke, kiasi kwamba hakuwahi kujua jua linaingilia wapi. Alikuwa akitoka mlango huu wa kahawia na kuingia ule, kuta zikawa ukuta mmoja mrefu usiokwisha. Dalali alisema, hapa kwenye unyevu funika tu. Akafunika. Kisha nyumba ikakaa tupu miezi yote ya jua, ikikauka kwa nje.

"Umeona nini huko juu?"

Dada alikuwa amesimama ujiani, taulo kichwani. Brashi angeweza kumdanganya. Alikuwa juu, na dada hakuweza kusoma kutoka chini. Mdomo wake ulikuwa umeshaanza kuandaa uongo. Lakini alimtazama, akaona midomo yake ilivyokuwa na rangi ya kijivu, akasoma kwa sauti. Alisoma yote, na tarehe.

Dada alivua taulo kichwani. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye nywele zake.

"Mwandiko wako?"

"Wangu."

"Nilikufundisha mimi," alisema, kana kwamba anajikumbusha jambo. Akaingia ndani, akakaa kitandani, akautazama ukuta, akamtazama na yeye aliyekuwa bado juu ya ngazi. "Ungeandika chini kidogo."

Asubuhi yake Brashi alikuwa wa kwanza ofisini kwa dalali. Alikuwa amepanga maneno makali njia nzima, lakini alipomweleza habari ya ukuta na ya maandishi juu ya mlango, dalali alionyesha mshangao wa kweli.

"Sasa fundi, unanilaumu vipi? Kazi ni yako mwenyewe! Nilijua unajua. Nikasema huyu ameona bei, ameona hali, ameridhika."

"Nilipousifia ukuta, ulicheka."

"Nilidhani unajisifu!"

Nje mtu alikuwa akipiga honi bila kukoma. Brashi alimchunguza dalali usoni, akitafuta ule ujanja ambao ungemfanya amchukie kwa raha, na asiuone vizuri. Huenda ulikuwepo. Huenda mtu yule alisema kweli tupu.

"Bomba litengenezwe," alisema.

"Mwenye nyumba hataki. Wewe unalijua hilo kabla yangu, umeliandika. Mkataba ni miezi mitatu. Vumilia, au hama."

Alimhamishia dada chumba kikubwa, yeye akahamia kidogo. Alikwangua ukuta mpaka kwenye matofali na kuacha dirisha wazi mchana kutwa, mvua ikaingia kwa juu na bomba likaendelea kwa ndani. Bomba lenyewe liliteremka pale ukuta wa dirisha ulipokutanisha vyumba viwili. Haikupita wiki, upande wa dada nao ukaanza kujaa vidoa, vya kijivu, vidogo, kama mtu aliyekung'uta brashi. Dada hakulalamika. Alikaa karibu na dirisha la sebule na sweta mbili, akishona vifungo ambavyo havikuwa vimekatika, na alipopumua, mtu aliyekuwa jikoni alisikia. Mara mbili Brashi alimpeleka zahanati akiwa amemshikilia kiunoni ngazi nzima, ghorofa tatu kushuka. Mara ya pili daktari hakumwambia dada kitu. Alimwita Brashi pembeni.

"Anakaa wapi huyu mama?"

Brashi akamweleza.

"Nani aliyemweka humo?" daktari aliuliza, na Brashi akaona ameuliza vizuri.

Binti wa kaka yao marehemu alikuwa na nyumba upande mwingine wa mji, kavu, bati jipya, chumba kimoja cha watoto na kimoja chake na mumewe. Alikuja mwenyewe kumchukua. "Shangazi, kwangu ni padogo, lakini ni pakavu. Utakuwa sebuleni, kochi linafunguka, linakuwa kitanda. Asubuhi tunalifunga tu."

"Nalijua hilo," dada alisema. "La kukunja. Halinishindi."

Mkataba ulipoisha Brashi alirudi kwenye chumba kimoja, choo cha kushirikiana. Dalali alihesabu funguo, akasema wa chumba kidogo haupo. Brashi akasema umepotea.

Hazikupita siku kumi akapigiwa simu. Sauti ya dalali ilikuwa changamfu kama zamani. "Fundi, yaliyopita tuyaache. Ile nyumba ina wateja, wanaingia Jumatatu. Ule ukuta unaujua kuliko mtu yeyote. Njoo unifunikie."

Alikwenda. Alihitaji kazi, na dalali huyo ndiye aliyempa nusu ya kazi zake zote. Alifunika madirisha kwa magazeti. Alipaka mafuta, akasubiri, akapiga msasa, akapaka tena, kwa subira ile ile, kwa sababu mkono wake haukujua kufanya vibaya. Siku ya pili alipiga rangi ya maji juu, na ukuta ukawa mweupe mtulivu, laini, usiomkumbuka mtu yeyote. Akasogeza ngazi mlangoni. Akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, akakaa hivyo, mguu mmoja juu.

Kisha akashuka. Alikwenda kwenye ukuta wa dirisha, akangoja mpaka rangi ikauke kabisa, akaandika kwa herufi kubwa, kimo cha macho ya mwanamke asiye mrefu: *Ukuta huu una maji ndani. Asilale hapa mwenye kifua.* Akaweka funguo juu ya mita ya umeme na kuondoka.

Dalali alipiga simu mara moja. "Fundi, sasa unaniandikia barua ukutani?" Hakuwa hata na hasira, alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka. Hakupiga tena, wala hakumlipa. Kufuta maandishi ya penseli kwa rola ni kazi ya dakika tano, na mji una wapaka rangi wengi. Wiki tatu baadaye Brashi alipita mtaa ule akiwa na ndoo zake, akitafuta kazi kwa kugonga milango. Aliinua macho ghorofa ya tatu. Kwenye dirisha la chumba kidogo kulikuwa na pazia jipya, la manjano.

Jumapili alikwenda kumwona dada. Sebule ilikuwa na watu wakiingia na kutoka, runinga ikiongea peke yake, mtoto akitafuta soksi chini ya kochi. Dada alikuwa amekaa pembeni, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kumsubiri mwingine. Alikuwa anapumua vizuri. Brashi alimwambia habari ya ukuta, yote, mpaka pazia.

"Uliandika kwa penseli?"

"Kwa penseli."

"Penseli inafutika."

"Najua, dada."

Dada alichezea ncha ya leso yake, pale palipofungwa kitu kigumu kidogo. Mtoto alipata soksi akakimbia nayo. Brashi, bila kujua kwa nini, alinyoosha mkono akagonga mkono wa mbao wa kochi, mara mbili.

"Hodi," alisema.

Dada alimtazama, na kwa nukta moja midomo yake ikafanya kama inataka kuuliza ni nani. Kisha ikaacha.

"Pita tu," alisema. "Hapa hapana mlango."